Siku Kilima Kizima Kilipoficha Ndege

Jirani yangu hapa Mapendo amelowesha masaka. Mtama ule mwekundu, kwa msiojua. Ameufunika kwa gunia nyuma ya jiko lake uote, kisha aukaushe, ausage, apike musururu, kile kinywaji chetu cha mtama, wa kuuza, na tangu juzi harufu yake inapenya kwenye nyufa za mbao na kuingia kwangu bila hodi. Ni harufu ya punje iliyolowa, chachu kidogo, tamu kidogo, yenye udongo ndani. Jana nilikuwa nimesimama nayo puani, sufuria mkononi, nimesahau nilitaka kupika nini, ndipo kijana anayeniletea makala ya kupikia akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Kibumba, juu kule, barabara ya Rutshuru. Akacheka. "Kibumba, mama? Kule kuna nini? Kabeji na baridi tu."

Mimi si mutu wa kunyamaza. Nilimwambia aweke gunia chini, na alipoondoka wateja wake wengine walikuwa wameshamtafuta hadi wamechoka. Nilichomwambia ndicho hiki, ila yeye nilimfupishia.

Nilikuwa na miaka tisa, au karibu na hapo, na nilikuwa na kazi. Wa umri wangu mtakumbuka: sisi hatukuulizwa tunataka kuwa nani tukikua, tuliulizwa leo tumefanya nini. Mimi nilikuwa mfukuza ndege. Masaka yakianza kuiva, masomo yalinisahau na mimi niliyasahau. Alfajiri nilivaa sweta la marehemu baba lililonifika magotini, nikavaa bote za mpira zilizokuwa kubwa hata nikazijaza majani, nikapanda kwenye kichanja cha miti katikati ya shamba na kombeo langu la katani. Pale nilikaa hadi jua lichwe. Nilipiga kelele, nilirusha mawe, nilipiga debe, nilitukana. Matusi yangu yalikuwa maarufu mlima mzima, na sijivuni, ila sikanushi.

Ukikaa na adui kutwa nzima, utamjua kuliko ndugu yako. Niliwajua wale wadogo wa kijivu wanaokuja kwa mamia na kuondoka kwa mamia, tuliowaita bishwi. Niliwajua mnana wa njano, wezi wenye akili, wanaotuma mmoja kwanza aangalie kama nimelala. Niliwajua pasa wenye mikia mirefu wanaotambaa kwenye ua wa miti kama panya. Njiwa wa aina tatu, kila mmoja na wimbo wake. Chozi wa kijani wasiotaka masaka, wanaotaka maua tu, nao niliwafukuza vilevile kwa sababu siku ilikuwa ndefu. Na kutoka upande wa msitu, pale shamba letu lilipoishia na miti mikubwa ilipoanza, kulikuwa na mmoja wa rangi ya samawati mwenye mbawa nyekundu, ambaye alilia kama mutu anayekohoa ndani ya mtungi. Huyo sikuwahi kumrushia jiwe. Nilimwogopa kidogo na nilimpenda sana.

Shamba lenyewe lilikuwa kipande cha mteremko, nusu udongo mweusi, nusu mawe ya volkano. Baba alikuwa amefariki kabla ya mvua za msimu ule, kwa homa iliyomla siku tisa. Aliacha mke, aliacha mabinti wawili, na hakuacha mwana. Dada yangu Zawadi alikuwa ameolewa Rutshuru. Nikabaki mimi na mama, ambaye mlima mzima ulimwita Mama Zawadi. Kaka mkubwa wa baba, Muzee Bahati, ndiye aliyekuwa shef, yaani mkubwa, wa nyumba kumi, na kila alipopita kwetu alisimama kwenye mpaka wa shamba, akalitazama kutoka chini hadi juu, akasema, "Tuache masaka yaingie nyumbani kwanza. Kisha tutakaa." Mama alijibu, "Ndiyo, shemeji." Kisha akilima, jembe lilipiga chini kwa nguvu isiyohitajika na viazi. Hata mtoto alielewa: wanaume wa ukoo wakishakaa kikao, shamba lingekuwa la mutu mwingine, na sisi tungeshuka Goma kuwa wapagazi wa sokoni.

Basi hali ikiwa hivyo ndipo habari ikafika kwamba watu wanakuja kuhesabu ndege.

Ndege! Tulicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hatukucheka tena. Muzee Bahati aliitisha mkutano mbele ya nyumba yake, akaleta kiti chake cha mbao na kisanduku chake cha kashe, yaani ule muhuri wa nyumba kumi aliokwenda nao kila mahali, hata matangani. Alituambia watu wale wamejitolea, hawalipwi, wanapanda kilima kimoja baada ya kingine wanaandika kila aina ya ndege wanayoiona.

"Hawalipwi?" mama mmoja akauliza. "Mutu anapanda mlima huu na baridi hii, hawamulipi?"

"Ndiyo nasema sasa!" Muzee Bahati akapiga goti. "Batu ya karatasi habahesabu kitu bure. Kwanza banahesabu. Kisha banapima. Kisha banakuambia: hapa kuna ndege benyi, hapa ni pori, weye unatafuta nini humu?"

Palizuka ubishi. Wengine walikumbuka kambi. Sote tulikuwa tumeishi kambini wakati wa vita, na kule tulijifunza somo moja: mutu akija na karatasi, unaongeza vichwa. Unaazima watoto wa jirani, unamweka bibi aliyekufa kwenye orodha, maana wanaohesabiwa wengi wanapata maharagwe mengi. Kwa hiyo kuna waliosema tuwaonyeshe ndege wengi, tuazime hata bata wa mlima wa pili. Muzee Bahati aliwauliza kama wamewahi kuona ndege akipewa turubai. Bata wakasahauliwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tuliokuwa tumekimbia mara ngapi sijui, tulishtuka hata kwa kalamu. Sijui hadi leo kama kulikuwa na ukweli wowote katika hofu ile. Lakini ilikuwa hofu yetu, na tulikuwa tumeilipia.

Uamuzi ukawa huu: siku ya kuhesabu, kilima hakitakuwa na ndege. Hata mmoja. Masaka yalikuwa yameiva, nani angeuliza kwa nini watoto wanafukuza ndege? Kila mtoto shambani kwake, kila mama na sufuria yake. Na shamba la Mama Zawadi, kwa kuwa ndilo lililogusana na msitu, ndilo litakalotazamwa zaidi, na litafukuziwa ndege na yule mtoto mwenye mdomo. Wote wakanigeukia. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Njiani kurudi nyumbani mama alinishika bega. "Umesikia? Shamba hili liko na meno mbili juu yake. Baba Mukubwa upande huu, karatasi upande ule. Ile ya Baba Mukubwa nitajua namna. Lakini ile ya karatasi, ni weye."

Nikasema, "Hata mmoja hatatua, mama."

Mhesabu alifika siku iliyotangulia, mchana. Nilitegemea mwanaume mwenye kizibao cha mifuko mingi. Akaja mwanamke kijana kutoka Goma, mfupi, mwenye bote kama zangu na kitambaa kichwani, akatuambia tumwite Tantine Espérance, yaani Shangazi. Alikuwa mwalimu, na likizo zake alizitumia kwa kazi hii. Mchana ule watoto tulimzunguka kama nzi. Shingoni alikuwa na jimeli, ile darubini ya macho mawili, ambayo sisi tulikuwa tumeiona kwa wasoda wenye bunduki tu. Akaona macho yetu, akatuambia tupange mstari, kila mutu atazame.

Ilipofika zamu yangu alinielekeza upande wa kwetu. Kwanza ukungu. Kisha, ghafla, shamba letu likaja. Likaja lote! Lilikuwa ng'ambo ya bonde, na sasa lilikuwa mbele ya pua yangu, na ndani yake mama ameinama anang'oa magugu, naona hadi kiraka cha kitenge chake, lakini hakuna sauti. Nikaelewa. Hivi ndivyo wanavyofanya. Hawahitaji kuja na magari wala na bunduki. Wanatazama tu, na shamba linaingia ndani ya kile kitu, na mama yako ndani yake.

Nilimrushia jimeli yake, nikakimbia. Nilikimbia nikashuka bonde, nikapanda, bote moja ikabaki njiani, na nilipomwona mama bado yuko pale, anapumua, ana jasho, nililia kwa hasira. Akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia, "Usiondoke hapa. Hata wakikuita, usiondoke." Mama akasema mtoto huyu ana homa, akanishika paji la uso.

Kesho yake asubuhi ukungu ulikuwa mzito kisha ukainuka kama mutu anayevua shuka. Kazi ya Tantine Espérance ilikuwa hivi: anasimama mahali pamoja kimya dakika kumi, saa mkononi, anaandika kila ndege anayemwona au kumsikia, kisha anapanda mbele, anasimama tena. Sisi tulikuwa tumejua vituo vyake vyote, maana Muzee Bahati ndiye aliyekuwa kiongozi wake wa njia. Alimtembeza taratibu, mikono nyuma, na kila walipokaribia mahali alikohoa kwa nguvu. Kikohozi kile ndicho kilikuwa ishara.

Enyi! Mngelisikia kilima kile! Masufuria, madebe, filimbi, watoto wanapiga mayowe kutoka bondeni hadi juu, mbwa nao wakajiunga bila kualikwa. Tantine alisimama katikati ya makelele yale na kalamu yake, dakika kumi, akageuka huku na huku. Muzee Bahati alimwambia kwa huzuni kubwa, "Ni masaka, binti yangu. Tutafanya namna gani? Batoto bako kazini."

Walipofika kwetu nilikuwa tayari. Koo lilikuwa limeshakauka lakini mkono ulikuwa mzima. Bishwi walikuja, nikawatawanya. Mnana alimtuma mpelelezi, nikampeleka alikotoka. Njiwa, pasa, chozi, wote niliwaondoa, na hata yule wa samawati, mpenzi wangu, alipokohoa mara moja tu kule kwenye miti, nilipiga debe hadi akanyamaza. Iliniuma. Nilijiambia ni kwa ajili ya mama.

Kisha akaja mmoja kwa miguu. Inyamanza. Yule mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia, anayetembea uani kama mwenye nyumba. Alishuka kwenye jiwe, akashuka kwenye njia, akatembea hadi katikati ya bote za Tantine, tik tik tik na mkia wake. Nilikuwa na jiwe kwenye kombeo. Nikamtazama Muzee Bahati, na Muzee Bahati akanitazama, na wote wawili tulijua haiwezekani. Kwetu inyamanza hafukuzwi. Harushiwi kitu, hatukanwi, nyumba anayoiacha haina baraka. Katika mkutano wote ule wa kuficha ndege hakuna aliyemkumbuka, kwa sababu hakuna aliyemfikiria kuwa ndege. Alikuwa mutu wa nyumbani.

Tantine aliinama kidogo, akatabasamu, akaandika. Kisha akasubiri dakika zake ziishe, akafunga karatasi. Na akasema, kwa sauti ya pole, ile sauti ambayo watu wa mjini wanaitumia wakiingia nyumba yenye msiba:

"Mmoja. Muzee, kilima chenu kimekufa."

Muzee Bahati alivua kofia. "Kimekufa, binti yangu. Ni njaa. Wakati wa vita tuliwakula bote."

Sijui niwaelezeje. Mpango ulikuwa umefaulu. Ningeshuka kwenye kichanja, mama angenipa kiazi kikubwa, shamba lingebaki. Lakini mimi nilisikia maneno mawili tu. Kimekufa. Tuliwakula. Baba yangu alikuwa amelala kwenye kilima kile, miezi mitano tu, na yeye ndiye aliyekuwa amekufa, si kilima! Na kula ndege! Sisi, tuliokula majani ya maboga wiki nzima na hatukugusa hata njiwa! Na yule mwanamke alitutazama kwa huruma. Njaa naijua, hofu naijua, lakini huruma ile ilinichoma kuliko zote mbili.

"Uongo!" Niliruka kutoka kwenye kichanja. "Uongo! Hatuli ndege! Kilima hakijafa!"

"Mutoto, nyamaza," akasema Muzee Bahati.

"Sinyamazi! Wako! Nimewafukuza mimi! Tangu asubuhi nawafukuza, tumewafukuza wote, na yeye ndiye aliyekohoa!" Nikamwonyesha kwa kidole. Baba Mukubwa wangu, shef wa nyumba kumi. Kwa kidole.

Tantine Espérance aliangalia kombeo langu, akaangalia watoto kwenye mashamba mengine wakiwa bado na madebe mikononi. Akafungua karatasi tena polepole. "Wako wangapi?" akaniuliza. Hakuniuliza kama mtoto. Aliniuliza kama fundi anavyomuuliza fundi.

Basi nikamwaga. Nilimwambia bishwi wanalala wapi. Nilimwambia mnana wamejenga kwenye mti ule, na nilimwigia sauti ya kila njiwa mmoja mmoja. Nilimvuta mkono hadi kwenye ua kumwonyesha kiota cha pasa. Nikamwambia kuhusu wa samawati mwenye mbawa nyekundu, na pale Tantine alisimama kuandika, akaniomba niseme tena, nikakohoa kama yeye ndani ya mikono yangu. Na kutoka msituni, yule kichaa akajibu! Tantine akaweka mkono mdomoni.

Nilipogeuka mama alikuwa nyuma yangu na jembe.

Hapo ndipo nilipokumbuka shamba. Nalisema wazi: nilikuwa nimelisahau. Nilikuwa nimeliuza kwa hasira ya dakika moja, na sasa lilikuwa lote kwenye karatasi, na mama alikuwa amesikia. Nilingoja kofi. Kofi la mama lilikuwa na jina mlimani kama matusi yangu.

Muzee Bahati akasema, "Mama Zawadi, umeona? Mutoto wako ametuuza."

Mama hakunitazama. Alitazama karatasi. Hakujua kusoma, lakini aliitazama mstari kwa mstari, kama anayeangalia viazi kabla ya kununua. Kisha akamuuliza Tantine, "Amesema njiwa ngapi?"

"Tatu, mama. Aina tatu."

"Ni nne. Kuna ule mudogo wa jioni, kifua chake ni kama divai. Huyu mutoto anashuka kichanjani mapema, hamujui." Akaweka jembe chini. "Na kipanga. Amesema kipanga?"

"Hajasema."

"Andika kipanga. Ananikulia vifaranga. Na wale weupe wanaofuata ng'ombe, wanapita hapa wakitoka bondeni. Na kunguru mwenye shingo nyeupe." Mama aliendelea. Mama alikuwa na ndege ambao mimi sikuwahi kuwasikia, ndege wa utoto wake, ndege wa saa ambazo mimi nilikuwa nimelala. Mimi, niliyejiona profesa! Watu walikuwa wameanza kukusanyika, na mzee mmoja akasema kwake kuna bundi, hata kama hataki kusema, na mama mwingine akagomba kwamba mbayuwayu wake hawajaandikwa, kwani wao si ndege? Dakika chache zilizopita kilima kizima kilikuwa kinaficha. Sasa kila mutu alikuwa anadai wake.

Karatasi ilipojaa, Tantine Espérance akasema kumebaki sehemu moja, pale juu. Mahali walipoonekana. "Niandike shamba la nani?"

Muzee Bahati alikuwa amekaa kwenye jiwe, amekasirika, lakini swali la namna ile lilikuwa lake. "Andika: shamba la marehemu mdogo wangu."

"Marehemu hafukuzi ndege," mama akasema.

Mama hakuwahi kumjibu shemeji yake hivyo, si mbele za watu, si hata jikoni.

"Unasema nini, Mama Zawadi?"

"Nasema shamba liko na mwenyewe. Aandike mwenyewe. Kama hii karatasi iko na nguvu ya kubeba shamba, iko na nguvu ya kusema limetoka kwa nani."

Tantine aliinua kalamu. "Kwa hiyo niandike, Mama Zawadi?"

"Zawadi iko Rutshuru kwa bwana yake. Hajapalilia hapa ata siku moja." Mama alijifuta mikono kwenye kitenge, kama anayetaka kusalimia. "Andika Nyiramana Vumiliya."

Nilitazama kando kuona nani ametajwa. Naapa. Nilidhani kuna mutu amefika. Miaka tisa nilikula chakula cha mwanamke yule, nililala mgongoni mwake, na sikujua kwamba ana jina. Nani angeniambia? Baba alimwita Mama Zawadi. Kanisani walimwita mke wa fulani, na tangu msiba, mjane wa fulani. Na jina lilikuwa humo muda wote, limekaa, linangoja mutu mwenye kalamu.

"Vumiliya kwa y?" Tantine akauliza.

"Weye ndiye mwalimu. Lakini liandike kubwa."

Akaliandika kubwa. Kisha mama akamgeukia Muzee Bahati, na sauti yake ikarudi kuwa ya heshima, ile ya ndiyo shemeji. "Shef, karatasi haitoki kwenye nyumba kumi bila kashe. Weye mwenyewe ndiye ulisema."

Ndiyo, yeye mwenyewe ndiye aliyesema, mara elfu, hata kwa barua za mapenzi za vijana. Watu wote walikuwa wanamtazama. Alifungua kisanduku kile, akalipulizia kashe kama afanyavyo siku zote, akaligonga juu ya jina la mama. Tantine akanakili ukurasa wa pili kwa mkono, nao ukagongwa, na mama akaukunja akauweka kifuani.

Karatasi ile haikuleta mutu wa kupima, wala haikuleta maharagwe. Na masaka yalipoingia nyumbani, wanaume walikaa kweli kama walivyoahidi, mama akaingia, akaifungua katikati yao, akaiweka juu ya meza, akasimama. Waliinuka bila kuamua kitu. Tulilima pale hadi vita nyingine ilipotuteremsha huku Goma pamoja na wengine wote. Leo sijui nani anapanda kule. Lakini asiniambie mutu kwamba alikuta patupu.

Ila hayo yalikuja baadaye. Siku ile, kashe likiwa bado bichi, watu wakaanza kutawanyika, na mimi nilibaki nimesimama bado nangojea kofi langu. Mama akaokota jembe.

"Unatazama nini? Bishwi banakula."

Kweli, walikuwa wamerudi, wingu zima, wameinamisha masaka yetu. Nikapanda kichanjani. Nikazungusha kombeo, nikafungua mdomo, na matusi yangu yote hayakuja. Kwetu mtoto hatamki jina la mzazi wake. Ni kukosa adabu, ni kutafuta laana. Nilijua hivyo. Nililipiga kelele kwa pumzi yangu yote, juu ya bonde, juu ya nyumba ya Muzee Bahati, hadi kwenye miti:

"Tokeni! Hili ni shamba la Nyiramana Vumiliya!"

Ndege wakaruka wote. Nikalipiga tena, na tena, hadi sauti ikakatika. Mama alikuwa palepale chini yangu, ameinama anang'oa magugu. Alisikia kila mara. Hakunikataza.